Apareyi Ndogo ya Masika

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, umalize, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa na mutu. Yalinipata mimi mwenyewe, kwenye parsele yangu, kiwanja cha nyumba yangu hapa Mapendo, jua halijazama vizuri, na sikuwa nimekunywa hata tone. Tena mimi si mutu wa hadithi za mashetani. Kazi yangu ni kupima vitu. Ukiniambia umeona jambo, nitakuuliza: uliliona kwenye mwanga gani, ulisimama umbali gani? Na ndiyo sababu jambo hili halinitoki. Mwanga ulitosha, na umbali ulikuwa mudogo kuliko kutoka hapa ulipokaa mpaka ule mulango.

Nikueleze kwanza hiyo kazi. Mimi ni fotografe wa harusi na komunyo. Lakini hapa Goma kuna watu wanaopenda foto kwa kupenda tu: walimu, manesi, wanafunzi wa chuo. Siku ya Mungu wakitoka misa wanashuka ziwani kupiga mawimbi na ndege. Watu hao wanatafuta apareyi ndogo, kamera ya kuingia mufukoni, kwa sababu hapa kwetu ukitembea na kubwa shingoni, kila mwenye bunduki atakuuliza umetumwa na nani. Lakini wanataka ndogo yenye akili ya kubwa. Lensi ifunguke sana jioni, kuwe na gurudumu la kuzungusha kwa kidole gumba, na foto isijae chengachenga giza likianza kuingia. Wakipata ya mukono wa pili wananiletea mimi niijaribu. Nikisema nunua, wananunua. Nikisema achana nayo, wanaachana nayo.

Na nilikuwa na utaratibu wangu. Jambo la kwanza, kabla ya yote, ni kufuta kadi. Apareyi iliyotumika inakuja na maisha ya watu ndani: harusi, watoto, mbuzi wa sikukuu. Mimi sikuwa naangalia. Nilijiambia ni heshima, foto za watu si zangu, kwa nini nichungulie? Basi nafuta kwa ile njia ndefu inayosugua kadi mpaka chini, ndipo naanza kupima kwenye kadi safi. Nikimaliza, nafuta na zangu, mara hii kwa haraka, ili mununuzi asikute kuta zangu na viatu vyangu. Mafotografe wengi wa hapa tunafanya hivyo, na wote tutakuambia ni heshima. Siku hizi nikilisema neno hilo linanichoma mudomoni.

Ilikuwa wiki ile mulima ulipotoa moto, mawe ya moto yakashuka mpaka Buhene na kula nyumba za watu. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, kuta zikapasuka, ikaja amri watu waondoke. Muji ukajimwaga barabarani, wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda boti za Bukavu. Sisi wa Goma kukimbia tunajua. Waasi walitufundisha zamani. Lakini tunajua pia kwamba mukikimbia wote, siku ya kurudi mutakuta hata mulango wa nyumba umetembea. Muke wangu alienda Sake na watoto, mimi nikabaki kulinda.

Siku ya amri, mwalimu Justin alipita kwangu akielekea mupakani. Justin ni mumoja wa hao wapenda foto, mutu muzuri, anafundisha hesabu. Hakushuka hata kwenye moto, pikipiki ya kukodi aliyopanda. Alinipa apareyi ndogo nyeusi.

"Nimeipata kwa mutu mumoja kule karibu na kambi ya Katindo," akasema. "Anasema aliiokota. Uijaribu, nikirudi utaniambia kama inafaa."

"Iko na kadi?"

"Iko nayo. Kuna foto za watu ndani."

"Nitafuta, usihangaike."

"Bon, futa," akasema, na dereva akatia moto.

Nikafuta kabla hata vumbi la ile moto halijatua.

Acha nikuambie ilivyokuwa, maana niliishika nikaipenda. Nzito kidogo mukononi, ya chuma, si ya plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni. Lensi inatoka bila kelele. Gurudumu linageuka taratibu, kila hatua unaisikia kwenye kidole. Kasoro niliona moja tu: pembe ya chini, pale kwenye kifuniko cha batri, ilikuwa imeyeyuka kidogo, kana kwamba iliwekwa juu ya jiko. Na mukanda wake wa mukononi ulinuka kama kiberiti. Je, nilijiuliza ilitoka wapi? Hapana. Nilisema kichwani: pembe imeungua, atapunguziwa bei.

Jioni nikaanza kupima. Nilipiga ukuta wa mawe meusi, pembe zote nne zikatoka kali. Nikapiga viatu vyangu kwenye kizingiti, nikapiga kamba ya nguo. Ilibaki sura. Apareyi za siku hizi zinatafuta sura zenyewe. Zikiona uso zinachora kamraba kwenye kioo, kisha zinaukaza. Bila sura ya mutu huwezi kusema umeijaribu. Na mutaa ulikuwa mutupu, hata mbwa walikuwa wameenda na wenyewe.

Nilipogeuka, musichana alikuwa amekaa kwenye kiti.

Nina kiti cha plastiki cha buluu mbele ya shuka nyeupe, ndipo watu wanakaa kwa foto za pasipoti. Alikuwa amekaa pale, mikono juu ya magoti, kama mukliya yeyote aliyekuja kupigwa. Geti langu ni la bati, ukiligusa linapiga kelele mutaa wote unasikia. Sikulisikia. Utaniuliza kwa nini sikuogopa? Nakuapia, sikupata hata nafasi ya kuogopa. Nilifurahi. Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililosema moyoni ni: nimepata sura.

"Umekuja juu ya pasipoti?" nikamuuliza.

"Nimekuja juu ya foto," akasema.

Vumbi la kijivu lilimufika magotini. Soli za viatu vyake zilikuwa zimejikunja pembeni kama maandazi yaliyosahauliwa kwenye mafuta. Niliona, tena niliona vizuri, lakini wiki ile nani hakuwa na vumbi? Nikawasha apareyi, nikamulekeza.

Kamraba hakakuja. Kalitembea kwenye kioo, kakagusa shuka, kakagusa mugongo wa kiti, kakapotea. Nikasogea. Nikafungua lensi zaidi. Nikapandisha nguvu ya mwanga.

"Unaniona?" akauliza.

"Ninakuona. Kaa hivyo hivyo."

Nikapiga. Nikakuza foto kwenye kioo niangalie ukingo wa kitambaa chake cha kichwani, kama rangi inavuja. Kitambaa kilikuwa cha manjano, na manjano inasumbua apareyi nyingi jioni. Hii ilishika vizuri sana. Nikapiga tena, nikapiga tena. Kamraba bado kanakataa, na mimi nikaanza kukasirikia apareyi: pesa ya watu inapotea hapa, jioni haikamati sura.

"Papa, unaniona vizuri?"

"Ninakuona vizuri, mutoto wangu. Usitikisike."

Na macho yangu yalikuwa wapi? Yalikuwa kwenye kioo, kwenye kitambaa, kwenye chengachenga za kivuli chini ya kiti. Batri ikaanza kupepesa. Nikageuka kutafuta chaja kwenye sakoshi, mufuko wangu wa kazi.

"Niijaribu na mimi," akasema.

Nikamupa bila kumuangalia. Kwa pembe ya jicho niliona anavyoishika: mukanda akauzungusha mara mbili kwenye kifundo, kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye gurudumu bila kutafuta. Mutu hashiki hivyo kitu cha mugeni. Nilipaswa kujua palepale. Lakini nilikuwa nimeinama, navuta nyaya.

Nikasikia apareyi inapiga.

"Umeinama," akasema.

"Haizuru."

"Mama yangu atakuja juu ya hizi foto. Usizifute."

"Sawa," nikasema. Niliposimama na chaja mukononi, apareyi ilikuwa juu ya kiti na yeye hakuwepo. Geti lilikuwa limefungwa kwa munyororo wangu, kama nilivyolifunga. Ardhi ikatetemeka wakati uleule, mabati ya nyumba yakalia, nikajiambia ameogopa tetemeko, ameruka ukuta. Ukuta wangu una vipande vya chupa juu. Mutu akitaka kujidanganya hakosi njia.

Sasa fika hapa nilipofika mimi. Nikaketi, apareyi ikinywa umeme wa batri ya gari, nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Kioo kikauliza: futa zote? Nikabonyeza ndiyo. Ningependa kukuambia mukono ulienda peke yake. Hapana. Neno lake nililikumbuka. Lilinipita kichwani, nami nikalijibu: atarudi tu, nitamupiga tena. Nikafuta.

Watu waliporudi muji, Justin alikuja kwangu na mama mumoja aliyevaa kitenge cheusi. Akasimama nyuma ya Justin kama mutu asiyetaka kusumbua. Justin akasema huyu ni Mama Masika, wa Buhene, familia yao ni ya Butembo. Amefuata apareyi ya mutoto wake kwa mutu aliyeiokota kule Katindo, na yule akamuelekeza kwa Justin, naye Justin akamuleta kwangu.

"Masika alienda kupiga foto za yale mawe," mama akasema. "Nilimukataza. Juu yalikuwa meusi, watu wakafikiri yamepoa, wakawa wanavuka. Moshi ulimukamata katikati. Maiti yake iko kwenye chumba cha maiti mpaka leo, tunangoja wajomba wake kutoka Butembo ndipo tumuzike."

Nikasema pole sana, mama.

"Nyumba iliungua yote, papa. Albamu, simu, kila kitu. Dada yangu Butembo ana moja ya komunyo, mutoto wa miaka michache, si yeye huyu. Masika alikuwa anapiga wengine tu, yeye hakupenda kupigwa. Kwenye hiyo apareyi yake ndiko alijipiga, siku ya sikukuu yake, na alinionyesha. Nipe hiyo moja tu. Nitamuzikaje bila foto?"

Kwa wasiojua kwetu: maiti haiendi kaburini peke yake. Foto yake inatangulia, kwenye fremu yenye utepe mweusi, inabebwa na mudogo wake. Mukitoka kaburini foto inawekwa kwenye meza ya matanga, na kila anayefika anaisalimu kwanza hiyo foto, ndipo anawasalimu wenye nyumba. Bila foto watu wanasalimu meza. Mama Masika alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kidogo sana, na mimi nilikuwa nimekiosha mpaka chini.

Nikamuambia, "Kadi niliikuta tupu, mama."

Justin aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Alijua. Yeye ndiye aliniambia kuna foto za watu ndani, tena yeye ndiye alisema futa.

Mama akasema, "Basi tafuta hata kwenye hiyo tupu. Wanasema mafotografe muna dawa ya kufufua."

Dawa hiyo ipo. Ni programu ya komputa, inaokota foto zilizofutwa kwa haraka. Lakini kilichofutwa kwa njia ndefu hakirudi, na hilo nililijua. Nikaiwasha kwa sababu sikuwa na uso wa kukataa. Mama akavuta kigoda akaketi karibu yangu, kitenge chake kinagusa mukono wangu.

Ukuta wa mawe ukatokea. Viatu vyangu. Kamba ya nguo. Kisha kiti cha buluu, na nyuma yake shuka nyeupe. Kiti tena. Kiti, kimesogelewa. Kiti, na kivuli kizuri kabisa chini yake. Foto kali zote, hakuna iliyotikisika, na hakuna mutu. Nilitafuta manjano, hata uzi mumoja. Hakuna.

Ya mwisho kabisa ilikuwa mimi. Nimeinama juu ya sakoshi, kichwa chini, upara wangu mbele, sura haionekani. Imepigwa kutoka pale kwenye kiti.

"Nani alipiga hii?" mama akauliza.

Nikapeleka mukono niifunge ile foto.

"Muji wote ulikuwa umeenda. Nani alipiga?"

Basi nikasema. Nilishuka kwenye kiti nikakaa chini sakafuni, nikasema yote: kwamba nilifuta bila kuangalia, kwamba alikuja, kwamba alinikataza, kwamba nilifuta tena. Justin akaniambia kwa sauti ndogo, "Acha, bwana, acha." Lakini Mama Masika aliinua mukono kumunyamazisha. Hakulia. Alinisogelea.

"Alikuwa na maumivu?"

"Hapana, mama. Alikaa vizuri."

"Alivaa nini kichwani?"

"Kitambaa cha manjano."

"Ndicho. Ndicho alitoka nacho." Akapumua. "Na sura yake? Alikuwa anacheka ao alikuwa na huzuni?"

Ndugu yangu, nilifungua mudomo. Ningeweza kumueleza manjano ile ilivyoshika mwanga, na vumbi kwenye goti, na soli moja iliyojikunja kuliko nyingine. Nikatafuta sura kichwani mwangu nikakuta kiti. Yule mutoto aliniuliza kama ninamuona, nikamujibu ninamuona, na sikumuangalia hata kidogo.

"Ulikuwa karibu naye hivi," mama akasema, akaweka kiganja chake hewani kati yetu. "Niambie tu. Neno moja."

"Sijui, mama."

Akashusha kiganja. Kisha akaonyesha komputa kwa kidole.

"Nitolee hiyo kwa karatasi."

"Mama, hii ni mimi."

"Ninaona ni wewe. Lakini ni yeye alipiga. Ni kazi ya mwisho ya mutoto wangu."

Nikaitoa. Na siku ya mazishi mudogo wake Masika aliibeba mbele ya jeneza, kwenye fremu yenye utepe mweusi: mimi, muzima, nimeinamisha kichwa. Nilitembea nyuma na watu. Wajomba wa Butembo waliulizana kwa Kinande, nadhani walikuwa wanauliza huyu muzee ni nani. Kwenye matanga ikawekwa mezani. Kila aliyefika aliinama kusalimu foto, akakuta inamuinamia na yeye, kisha akageuza macho akanikuta nimekaa pembeni na chai yangu. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Hayo ni ya zamani kidogo sasa, lakini hayajaisha. Tangu siku ile hakuna apareyi inayonipata sura. Kamraba hakaji. Nilienda kuchukua kadi ya uchaguzi, mashini ikakataa, karani akasema nyanyua kichwa muzee, nami nilikuwa nimekinyanyua mpaka shingo inauma. Akalazimisha. Kadi ilipotoka ina upara wangu. Foto za harusi ya binti yangu, katika zote nimeinama, na watu wanafikiri sikumupenda mukwe wangu. Waasi walipoingia muji, askari wa barieri, kizuizi cha barabarani, aliangalia kadi, akaniangalia, akasema huyu si wewe. Akatoa simu anipige mwenyewe. Akaangalia kioo, akaniangalia tena, akaangalia kioo. Akanirudishia kadi kwa ncha za vidole, akarudi nyuma, akanifungulia njia.

Kupima apareyi nimeacha. Ile ndogo iko kwa Mama Masika. Justin hakuinunua, wala hatuongei sana. Na kwa kuwa mimi ndiye niliipima, nisahihishe: nilisema jioni haikamati sura. Si kweli. Ile apareyi ilikuwa inatafuta kwa bidii kuliko mimi.

Na wewe unayenisikiliza, uwe na apareyi ao simu tu ya mufukoni, mutu akikaa mbele yako akakuuliza kama unamuona, teremusha hicho kitu kwanza. Muangalie kwa macho uliyopewa, ujue pua yake, ujue kama anacheka, ndipo umujibu. Na usifute sura ya mutu kabla ya kuiangalia, hata kama unaita heshima. Hujui ni nani atakuja kukuuliza.

Kwa sababu anakuja. Mama Masika akienda sokoni anapitia mutaa wetu. Anasimama kwenye geti, anabisha, bati linalia mutaa wote unasikia. Hana hasira. Ananiuliza kitu kimoja.

"Papa, sura yake haijakurudia?"

"Bado, mama."

"Aksanti," anasema. "Nitapita tena."